Filamu ipi ya nyeusi na nyeupe itafaa kwa mavuno ya kahawa Kibosho?

Binti wa Kibosho

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wadau wengine wote wa picha za mkanda.

Marehemu baba aliniachia kamera ya Pentax K1000 pamoja na lenzi yake ya milimita 50 inayofunguka hadi f/2. Fundi mmoja wa Arusha ameisafisha, akanihakikishia kwamba kasi zote za shata ziko sawa mpaka 1/1000 ya sekunde na kwamba kipima mwanga kinasoma vizuri. Mwaka huu nimekusudia kuifanyia kazi moja tu, nayo ni kumpiga picha bibi yangu katika msimu mzima wa kahawa: anapochuma chini ya migomba, anapomenya kwa mashine ya mkono, anapoanika kwenye vichanja uani, na jioni anapokaa jikoni penye moto wa kuni. Pia ningependa kuupiga picha mlima Kilimanjaro alfajiri kutoka barazani kwake, kabla mawingu hayajaufunika. Bibi amezeeka, baadhi ya mibuni ya kihamba chake (shamba la ukoo la Wachagga) ilipandwa na baba mkwe wake, na baba zangu wadogo wameanza kuzungumzia kuing'oa ili wapande parachichi. Sina hakika kwamba nitapata msimu mwingine wa kurekebisha makosa ya huu.

Nimechagua nyeusi na nyeupe kwa sababu picha ambazo baba alizipiga katika kihamba hichohicho miaka ya 1980 ni za aina hiyo, na mpaka leo zimebaki safi kwenye albamu, wakati zile za rangi zilizofuata zimegeuka kuwa na wekundu uliofifia.

Uwezo wangu ni roli kumi za picha 36. Karibu kila ninachokisoma kinashauri Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, zote mbili za ASA 400 (namba ya kasi ya filamu, ambayo ikiwa kubwa filamu huhitaji mwanga mdogo), kwa maelezo kwamba filamu ya 400 inafaa mahali popote. Lakini roli yangu ya majaribio imenitia wasiwasi. Nilinunua filamu ya ASA 400 katika duka moja mjini, ikiwa imekwisha muda wake miaka saba iliyopita, na iliposafishwa kwa dawa ilitoka na ukungu wa kijivu kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Zaidi ya hayo, bibi aliyekuwa amejifunga kitambaa cheupe na kusimama uani alitokea kama kivuli tu. Kitambaa kinaonekana, vichanja vinaonekana, macho yake hayaonekani. Nashindwa kujua kosa ni la filamu, la kamera au la kwangu. Naomba mnisaidie kuchagua, na kama inawezekana mniambie sababu, ili nisiwe nafuata tu jina la kwenye kasha.

Mzee wa Chumba cha Giza, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa baba.

Umeeleza makosa mawili, nami naomba tuyatenganishe kabla hatujaagiza kitu. Ukungu wa kijivu ni kosa la filamu. Filamu huzeeka kwa joto, na ile ya kasi kubwa huzeeka upesi kuliko ya kasi ndogo. Roli ya ASA 400 iliyokaa miaka saba kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la Moshi haina budi kuwa na ukungu, hata ungeisafisha kwa uangalifu wa namna gani. Roli mpya utakazoagiza ziweke kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, na siku ya kupiga uitoe roli mapema, uiache saa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kufungua kikopo, la sivyo unyevu utajikusanya juu yake.

Uso wa bibi kutoonekana ni kosa la kupima mwanga. Kipima mwanga cha K1000 huchukua wastani wa kila kilichomo kwenye kioo cha kutazamia, kisha hukupa kipimo kitakachoufanya wastani huo uwe kijivu cha katikati. Kilipoona kitambaa cheupe, uwanja unaong'aa na anga nyuma yake, kiliamini kwamba mahali pote pana mwanga mwingi, kikafunga. Uso wa bibi, ambao ni mweusi kama wangu, na ambao jua la utosini lilikuwa limeutia kivuli kwenye matundu ya macho, ukaachwa bila mwanga wa kutosha. Sehemu ya negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) isiyopata mwanga haina kitu cha kuchapa, na hakuna dawa ya kulirudisha hilo. Kwa hiyo msogelee, jaza kioo kwa uso wake peke yake, soma kipimo, kiweke, kisha rudi nyuma upige bila kukijali kipima mwanga kinapokulalamikia. Akiwa mbali huwezi kumfikia, pima kiganja chako mwenyewe kikiwa kwenye mwanga uleule alioko yeye, halafu ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Viganja vya watu havitofautiani sana hata kama nyuso zao zinatofautiana. Kitambaa cheupe kitakuwa kizito kwenye negativu, ni kweli, lakini filamu ya nyeusi na nyeupe hustahimili mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na wakati wa kuchapa kitambaa kinaweza kurudishwa.

Sasa kuhusu filamu. Maneno kwamba ASA 400 inafaa popote yaliandikwa na watu wa nchi zenye mawingu. Chukua hesabu ya jua la wazi: apacha (tundu la lenzi, ambalo namba yake ikiwa ndogo ndivyo linavyofunguka zaidi) f/16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya ASA. Kwa filamu ya 400 utaanza na 1/500 kwa f/16, na kwa kuwa kamera yako inaishia 1/1000, hutaweza kufungua zaidi ya f/11. Maana yake ni kwamba uani kwa bibi, saa sita mchana, kila kitu kitaonekana kwa ukali uleule: bibi, kichanja, kamba ya nguo na banda la mbuzi nyuma yake. Kwa filamu ya 100 unafika 1/1000 kwa f/5.6, na hapo unaweza kumtenga mtu na vitu vilivyo nyuma yake.

Ushauri wangu ni Ilford FP4 Plus, ambayo ni ya ASA 125. Chembe zake za fedha, zinazounda picha, ni laini, ngazi zake za kijivu ni nyingi, na imekuwapo tangu 1990 bila kubadilika kiasi cha kumchanganya mtu. Kama bei inabana, Kentmere 100 inatengenezwa na kampuni hiyohiyo huko Uingereza nayo ni ya bei nafuu. Chagua moja, uipige yote kumi, nawe utaijua.

Mwanga wa Meru, Arusha

Shikamoo mzee. Kuhusu kupima uso ninakubaliana nawe neno kwa neno, na hesabu yako ya uani ni sahihi. Lakini kwa heshima zote naona umemjibu kama kwamba kazi yote itafanyika uani. Dada ametaja kihamba kwanza, na kihamba ndicho moyo wa kazi yake.

Dada, mimi nimepiga picha chini ya migomba huko Meru kwa misimu mitatu, na nimezoea kupima kabla ya kupiga. Pale ambapo majani ya mgomba yamefungana juu ya mibuni, mwanga hushuka stopu tano au sita kutoka ule wa jua la wazi. Kwa filamu ya ASA 100 hiyo ni 1/60 kwa f/2.8, na mikono ya mtu anayechuma kahawa haitulii kwa 1/60; vidole vitatoka kama moshi. Kwa ASA 400 unapata 1/250 kwa apacha hiyohiyo, na vidole vinasimama.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka liliponiharibia roli nzima. Buni mbivu ni nyekundu na jani la mbuni ni la kijani, na kwa macho yetu hakuna vitu viwili vinavyotofautiana zaidi ya hivyo. Lakini filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe, ambazo huona rangi zote, hugeuza wekundu ule na ukijani ule kuwa kijivu cha aina moja. Nilipiga tawi lililojaa buni mbivu, nikapata tawi lililojaa vitu vya mviringo visivyojulikana kama vimeiva au ni vibichi. Dawa yake ni filta, yaani kioo cha rangi kinachovikwa mbele ya lenzi. Filta ya rangi ya chungwa hupitisha wekundu na kuzuia sehemu ya kijani, hivyo buni zinakuwa angavu na majani yanakuwa meusi. Pia ngozi ya hudhurungi inapata mwanga kidogo, jambo ambalo kwa uso wa bibi ni faida. Filta ya kijani hufanya kinyume: majani yanang'aa, buni zinakuwa nyeusi kama mawe, na ngozi nayo inazidi kuwa nyeusi. Mimi nilichagua ya chungwa kwa sababu ya nyuso.

Sasa filta hiyo inakula stopu mbili. Rudi kwenye hesabu ya kihambani: ukiwa na ASA 100 ile 1/60 inakuwa 1/15, ambayo hutaishika kwa mkono, ukiwa na ASA 400 unabaki na 1/60 kwa f/2.8, ukamwomba bibi ashike tawi kwa utulivu kidogo. Bila filamu ya 400, picha ya buni nyekundu kihambani haipatikani pasipo kamera kusimama kwenye stendi ya miguu mitatu na bibi kutulia kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni HP5 Plus, tena usiipige kama 400 kamili. Chini ya migomba kuna vidoa vya jua vinavyopenya katikati ya majani na kuangukia bega au kitambaa, na kati ya kidoa hicho na kivuli kilicho kando yake pana tofauti kubwa mno. Mimi huweka kamera kwenye ASA 200 siku zenye vidoa vya namna hiyo, ili vivuli vipate mwanga wa kutosha, kisha napunguza muda wa kusafisha kwa kama moja ya sita ili sehemu angavu zisizibe. Negativu zinatoka tulivu na zinachapika kwa urahisi. Siku hizo toa filta, maana huwezi kulipa gharama zote mbili kwa pamoja.

Sakina 35

Kwa kifupi tu: kuna Ilford XP2 Super ya ASA 400, ambayo ni ya nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa dawa za filamu za rangi. Inastahimili sana mwanga uliozidi. Kama una mahali pa kuaminika pa kusafishia filamu za rangi, itakuondolea kazi ya dawa nyumbani.

Mzee wa Chumba cha Giza, Moshi

Ndugu wa Sakina, filamu hiyo ni nzuri na nimewahi kuitumia, lakini kwa binti huyu naiogopa kwa sababu moja aliyoisema mwenyewe. Picha yake kwenye XP2 inabaki kwa rangi za kikemikali kama filamu ya rangi, si kwa fedha. Yeye ameipenda nyeusi na nyeupe kwa kuwa za baba yake hazikufifia.

Binti wa Meru, marahaba, na nimeyasoma maneno yako mara mbili. Miaka yangu ya studio nilipiga harusi, kipaimara na picha za pasipoti, sikuwahi kushughulika na buni nyekundu, na hilo la filta limenifundisha. Nakubali: kihambani na jikoni aende na 400. Jikoni kwa moto wa kuni na kidirisha kimoja ndiko hasa kutakakomlazimisha, maana hata kwa 400 ataangukia 1/30 kwa f/2 au chini yake, na itabidi aegemee ukuta na kushusha pumzi kabla ya kubonyeza.

Lakini uani na mlima sitaviachia 400. Mlima alfajiri unataka chembe laini, kwa sababu theluji ya Kibo na anga ni maeneo mapana yasiyo na kitu cha kuficha chembe. Hapo weka FP4 Plus na filta ya njano, ambayo inakula stopu moja tu. Anga itashuka kidogo, theluji itatengana nayo, na ule ukungu wa bluu unaokaa kati yako na mlima utapungua. Ya chungwa itaongeza nguvu zaidi ukipenda. Kamera yako hupima mwanga uliokwisha kupita kwenye lenzi, kwa hiyo filta ikiwa mbele, hesabu ya njano inafanyika yenyewe, huna haja ya kuongeza kitu.

Binti wa Kibosho

Asanteni sana. Hilo la buni na majani kuwa kijivu kimoja nisingeligundua mpaka msimu umekwisha, na nimekaa nikaziangalia tena picha za baba. Kweli, kwenye tawi lile huwezi kujua buni ipi imeiva.

Naomba niulize mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, filamu zenye chembe za kisasa, yaani Kodak T-Max na Ilford Delta, zinasifiwa kwa ulaini wa chembe, na pia kuna Fomapan ambayo bei yake inanivutia. Kwa nini hakuna aliyezitaja? Pili, nataka kusafisha mwenyewe, lakini maji ya bomba nyumbani kwetu mjini mwezi wa pili yalipima nyuzi 26, na kila jedwali linasema 20. Je, uchaguzi wa filamu unategemea hilo pia?

Fundi wa Dawa, Usa River

Hujambo dada. Maswali yako mawili kwa kweli ni moja, ndiyo maana nimeona nijibu.

T-Max, zilizotoka 1986, na Delta zina chembe bapa, zilizolala kama vigae. Kwa kuwa zinatandazwa kwa eneo kubwa, zinashika mwanga mwingi kwa fedha kidogo, na ndiyo sababu picha inakuwa laini. Lakini filamu hizo zinasikia kila kosa la muda na joto la dawa kuliko zile za zamani kama HP5, FP4 na Tri-X. Mtu mwenye maabara yenye joto lisilobadilika atafurahia T-Max 100. Mtu anayesafisha kwenye beseni, maji yakiwa nyuzi 22 asubuhi na 25 mchana, atapata roli mbili za filamu moja zenye sura mbili. Kwa hali yako, chembe za zamani zitakusamehe pale ambapo zile bapa hazitakusamehe.

Fomapan inatengenezwa Hradec Králové katika Jamhuri ya Czech, na Fomapan 100 ni filamu ninayoipenda kwa dhati. Ila Fomapan 400 wengi wetu huipa mwanga kama ya 200 au 250 ndipo vivuli vitoke, kwa hiyo ile faida ya kasi uliyokuwa unainunua inapungua. Tena kinga yake dhidi ya mng'ao ni ndogo: mwanga mkali unapopenya mpaka nyuma ya filamu na kurudi, unatengeneza utando mweupe kuzunguka sehemu angavu. Sasa fikiria vile vidoa vya jua alivyovieleza dada wa Arusha, kila kimoja kikiwa na utando wake. Kwa mazoezi kabla ya msimu inunue bila wasiwasi. Kwa bibi, hapana.

Kuhusu joto: usipigane kushuka mpaka nyuzi 20 kama maji yako hayataki. Kwa HP5 Plus kwenye ID-11 (developa, yaani dawa ya kutokeza picha) isiyoongezwa maji, muda wa nyuzi 20 ni dakika saba na nusu, na ukipanda hadi nyuzi 24 unashuka kwenye dakika tano hivi, ambapo kuchelewa kidogo kumimina dawa kunaleta michirizi. Ndiyo maana mimi huchanganya sehemu moja ya dawa na moja ya maji. Hapo muda wa nyuzi 20 unakuwa dakika 13, na wa nyuzi 24 kama dakika 9, ambazo unazimudu kwa utulivu. Dawa hiyo iliyochanganywa itumie mara moja, uimwage. Mwezi wa saba maji ya Kibosho yatakuwa baridi zaidi, lakini mjini weka chupa za dawa ndani ya beseni lenye chupa mbili za maji ya barafu, na uzitoe kipimajoto kinapofika 24. Jambo kubwa si namba yenyewe. Ni kwamba developa, maji ya kusuuzia na fiksa (dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga) viwe na joto linalokaribiana, na kila roli iwe kama iliyotangulia.

Agiza dawa za unga, ID-11 au D-76, ambazo kwa kazi hii zinatoshana. Zinasafiri bila kumwagika, na zikishayeyushwa, ndani ya chupa iliyojaa hadi mdomoni, zinakaa kama miezi sita. Kuosha hakuhitaji bomba kufunguliwa nusu saa: baada ya fiksa jaza tanki maji, lipindue mara tano, mwaga, jaza tena, pindua mara kumi, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara ishirini. Ni utaratibu wa Ilford wenyewe, na siku za mgao wa maji ni baraka. Suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kujazia betri, ili filamu isikauke na madoa. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kando yake.

Utasikia pia juu ya kusafisha filamu kwa kahawa, na kwa kuwa wewe ni mtoto wa kahawa najua itakuvutia. Ni jambo la kweli. Mapishi yake yalianzia Rochester, Marekani, mwaka 1995. Kwa lita moja ya maji huwekwa gramu 54 za soda kavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka, kwa dakika 15 katika nyuzi 20. Robusta ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko arabika, kwa hiyo kahawa ya Bukoba itakufaa hapa kuliko ya bibi. Usiweke magadi ya kupikia mahali pa soda, kwa sababu magadi yana sehemu kubwa ya soda isiyo kali pamoja na chumvi, na developa itakuwa dhaifu kwa kiasi usichoweza kukipima. Tena mapishi hayo yanazipendelea filamu za kasi ndogo. Za 400 hupata ukungu usipoongeza bromaidi ya potasiamu. Nimeifanya mara nyingi kwa Fomapan 100, na ningekushauri uijaribu kwa picha za uani wako mwenyewe, si kwa roli yenye uso wa bibi.

Mwanga wa Meru, Arusha

Naongeza jambo la usafiri. Ukimwagiza mtu filamu kutoka nje, mwambie asiziweke kamwe kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, kwa sababu mashine za kukagulia mizigo hiyo ni kali na zitaacha ukungu. Azishike mkononi kwenye mfuko angavu na aombe zikaguliwe kwa macho, hasa kwenye viwanja vilivyofunga zile mashine mpya zinazozungusha mionzi, ambazo hata filamu ya 100 haziihurumii. Mimi mara nyingi nazipata kupitia kwa jamaa anayekuja na basi kutoka Nairobi kupitia Namanga.

Binti wa Kibosho

Nimeelewa, na nimeamua. Naagiza HP5 Plus sita kwa kihamba na jikoni, FP4 Plus nne kwa uani na mlima, filta ya chungwa na ya njano za kipimo cha lenzi yangu, na pakiti mbili za ID-11. Kabla ya hapo nitanunua Fomapan 100 mbili, nipige nyumbani na kujifunza kusafisha, ili makosa yangu ya kwanza yaishie humo.

Kimebaki kikwazo kimoja. Kamera ni moja na bibi hapangi siku yake kwa kunifuata. Anaweza kutoka kihambani saa nne na kuingia uani saa nne na nusu. Nikiwa na HP5 ndani, imefika picha ya 14, nifanye nini?

Mzee wa Chumba cha Giza, Moshi

Uamuzi mzuri, mwanangu. Kwa kikwazo hicho tulikuwa na njia yetu studio. Andika namba 14 kwenye karatasi, bonyeza kitufe cha chini, kisha rudisha filamu polepole huku umeisogeza kamera sikioni. Utausikia mkono wa kurudishia ukilegea ghafla, na mlio mdogo wa filamu ikichomoka kwenye gurudumu. Simama hapohapo, fungua mgongo, na ncha ya filamu itakuwa bado iko nje ya kopo. Ibandike utepe wenye namba 14, weka FP4, na usisahau kugeuza duara la ASA kutoka 400 kwenda 125, kwa kuwa kamera hiyo haisomi kopo. Kila kitu inaambiwa na wewe. Siku ya kuirudisha ile HP5, funika lenzi, weka kasi 1/1000 na apacha ndogo kabisa, ufyatue mpaka namba 16, yaani upoteze picha mbili kwa usalama, kisha uendelee.

Roli zako mbili za mazoezi usizisafishe peke yako. Tanki langu linachukua mbili kwa mara moja, na Jumamosi baada ya saa nane huwa nipo nyumbani. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze, uje na negativu za ile roli ya kwanza pia, tuzione kwenye taa.